Kidonda Kibichi

Rébecca alikuwa amechoka kuitwa mwongo. Tangu ajifungue, mama mkwe wake, Berthe, hakuwa na wimbo mwingine: mtoto ameharibikia tumboni kwa sababu mama yake alitoka nje ya ndoa. Eti ndiyo maana anashikwa na degedege, eti ndiyo maana hanyonyi. Na Mathe, mumewe, badala ya kumnyamazisha mama yake, alikuwa amekwisha kusema kwamba wakitoka hospitali hii ya Butembo, walikohamishiwa kutoka Beni baada ya kujifungua, Rébecca atarudi kwa wazazi wake Kamango. Kamango, ambako vita vilikuwa vimefukuza hata mbuzi!

Daktari Jokébed, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, alingoja jenereta itulie. Kisha akampaka mtoto mafuta utosini, pale ambapo mfupa haujafunga, akaweka kifaa cha ekografia, cha kuona ndani ya mwili. Kwenye kioo ubongo ulionekana umevimba, na katikati pameng'aa kuliko inavyofaa. Akashuka tumboni. Figo nazo ziling'aa, na ukuta wa utumbo ulikuwa umenenepa.

"Huyu mutoto alikosa hewa," alisema. "Wakati hewa ilipunguka, mwili yake ilinyima figo na matumbo damu, ili ubongo na moyo bipate. Alijigawia vile mpaka akashindwa."

Rébecca aliwatazama Berthe na Mathe kwa hasira. Kitoto kisicho hata na jina kilijua kupigania uhai wake, na watu wazima wenye Biblia kwapani je?

"Ni mambo ya tumboni," Berthe alidakia. "Toka mwanzo."

"Hapana, mama. Kama ni ya zamani, tungeona mashimo na makovu. Hii ni kidonda kibichi. Mutoto alikuwa muzima mpaka uchungu ikaanza. Aliumia akitafuta kutoka, juu walimukawisha njiani."

"Donc ni basoda," Mathe alisema, amekunja ngumi. "Mama aliniambia balibazuia kwa barrière ya Mbau."

Rébecca alicheka, kicheko kisicho na furaha hata chembe. Askari wale wa kizuizi cha barabarani walikuwa na dhambi za kujaza bonde zima, lakini hii haikuwa yao. Waliposikia anavyolia walifungua kamba mara moja, na mmoja akawahimiza wakimbie.

"Barrière tulipita," alisema. "Mbele kidogo, mama yako akaambia wanaume baweke tipoyi chini."

Ndivyo ilivyokuwa siku walipombeba kwenda kujifungua Beni, Mathe akiwa hayupo. Uchungu ukirefuka, wanawake husema, mtoto amefungwa na dhambi ya mama yake; hatoki mpaka mwanamume atajwe. Basi wabebaji walifukuzwa wasisikie, machela ikabaki kwenye nyasi, wanawake wakamzunguka kwa vitenge na maswali. Beni ilikuwa mbele, hospitali iko wazi, na jua likapanda likaanza kushuka.

"Nilibaambia jina ya Mathe," Rébecca alisema. "Ni Mathe peke yake. Bakakatala. Bakasema, taja mwingine."

"Mais mwisho alitaja!" Berthe alifoka, akisahau kabisa uongo wake wa askari. "Alisema Ananie! Bamama bote balisikia! Tukamunyanyua palepale!"

Mathe alimgeukia mama yake polepole.

"Ananie gani? Wa Eringeti?"

"Huyo huyo."

"Mama. Ananie nilimuzika na hii mikono yangu. Sikukuwa hata nimejua Rébecca."

Na Berthe alilijua hilo vizuri sana, kwa maana ni yeye aliyepika chakula cha matanga. Walitaka jina tu, liwe la yeyote yule. Rébecca aliwapa la marehemu aliyekuwa akimsikia akitajwa nyumbani, kwa sababu mtu hai angefuatwa kwa mapanga.

"Atapona?" Mathe alimuuliza daktari.

"Figo, tunaweza kutumaini. Ubongo, tungoje."

Mtoto alitikisika tena, mkono mmoja ukijikunja na kujikunjua. Berthe akaanza kulia kwa sauti, akanyoosha mikono ampokee mjukuu wake. Rébecca alimvuta mtoto kifuani.

"Hapana, mama. Utamubeba siku utasimama mu kanisa, mbele ya balebale bamama, uwaambie kitu gani ilimuumiza."

Berthe alimtazama mwanawe, amtetee. Mathe alichukua kitenge kilichoanguka sakafuni, akamfunika mtoto, akaketi kando ya mke wake.

"Umesikia vile amesema," alisema.