Kitanda cha Dirishani

Mjukuu wangu ameajiriwa hospitali, kazi yake kuchora kwenye kompyuta ramani ya majengo na mali zilizomo. Jumamosi alikuja nayo kwangu, akaifungua mezani, mimi nachambua mchele kwenye ungo.

"Tazama, bibi. Hizi ni kuta." Akabonyeza, mistari ya buluu ikatambaa juu ya kuta. "Mabomba ya maji." Akabonyeza tena, ikaja mistari myekundu ya umeme. Tabaka juu ya tabaka, kama shuka zilizopangwa kabatini, ila hizi zote unaziona kwa pamoja. Mwisho zikamwagika nukta ndogo za kijani, kila nukta kifaa: feni, friji ya dawa, mizani ya watoto, vitanda.

Marehemu babu yake alimwita mke mdogo tangu akiwa mchanga. Nikamwambia, "Haya, mke mwenzangu, mume wetu umemweka wapi humo?"

Alicheka. Akaisogeza ramani mpaka wodi ya wanaume. Nukta ilikuwa pale pale chini ya dirisha, kilipokuwa kitanda alichokatia roho babu yake, kile chenye rangi iliyobanduka kwenye reli ya kushoto. Nikaitazama. Nikaokota chuya, nikaitupa.

"Ila imekosewa," akasema taratibu. "Wodi ile sasa ni ofisi ya wahasibu. Mafundi walihamisha vitanda, nukta wakaziacha. Ndiyo zao, wakishabeba chuma, wanahesabu kazi imekwisha. Kitanda kiko stoo, mguu umevunjika. Jumatatu wakaguzi wanapita na ramani hii mkononi. Wasipokikuta, lawama ni yangu, nami bado niko kwenye majaribio."

"Kwa nini hujaisogeza, basi?"

"Vingine nimesogeza vyote. Hiki nimekuachia wewe. Ukisema kibaki, nitawaambia nilipitiwa."

Nilingoja machozi, hayakuja. Tangu tumzike niko kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kung'olewa jino: najigusa shavu, najua ni langu, basi.

"Huko stoo kuna dirisha?"

"Hakuna."

"Kuna nini?"

"Magodoro yaliyochanika, machela, na jenereta la zamani."

"Babu yako hakupenda kelele za jenereta."

"Limekufa, bibi."

"Basi watapatana."

Hakujua acheke au asicheke. Nikamwambia asogeze, riziki ya mtu haichezewi.

Nukta ikaondoka dirishani. Ikakatiza kuta, ikapita juu ya mabomba na nyaya bila kugonga chochote, ikaingia stoo, ikatulia kando ya jenereta. Pale chini ya dirisha pakabaki peupe, na bomba moja la buluu likipita.

Mjukuu wangu akawa ananiangalia usoni.

"Utakula hapa?" nikamuuliza.

"Nitakula."

Nikaongeza kikombe cha mchele kwenye ungo, nikaendelea kuchambua.