Kiti cha Kichina cha Sabina

Lori lilikwishaanza kuondoka Likombe, vitanda na masufuria yakigongana nyuma. Sabina alikuwa mbele na dereva, uso kaugeuzia upande wa pili. Kassimu seremala akatupa jicho kwenye kibaraza cha nyumba iliyohamwa. Kile kiti kimeachwa peke yake, kama paka.

Kosa lilikuwa la ulimi wake. Kiti hicho Mathayo, marehemu mume wa Sabina, alipewa na mhandisi wa Kidenishi aliyefanya naye kazi bandarini, akajisifu nacho mpaka anakufa. Juzi Kassimu aliposuka upya kikalio chake kwa ukindu, alisema tu, tena kwa mapenzi: "Shemeji, hiki asili yake ni cha Kichina."

Na kwetu sisi kitu cha Kichina ni kipi? Ni redio inayokufa ikaiacha betri nzima. Tangu hapo Sabina hakuitikia hata salamu yake.

Basi mzee mzima akajitwika kiti, akadandia bodaboda. Pale Mtawanya watu wakamtania, "Sultani, unahamia wapi?" Lori akalikuta linajaza mafuta.

"Umenifuata unitukane tena, shemeji?" Sabina aliuliza dirishani.

"Nimekufuata unisikilize. Yule mhandisi mwenyewe alinieleza. Zamani fundi wa kwao Denmaki aliona viti vya kale vya Wachina, mgongo na mikono vimeunganishwa kwa mti mmoja uliopindwa kama upinde. Akavipenda. Akaondoa nakshi, akaunda vya kwake. Hiki ni mjukuu wa vile."

"Kumbe feki ni Mdenishi."

"Feki hakuna. Wewe Mngoni wa bara, pweza wa nazi ulifundishwa na nani?"

"Na marehemu mkeo."

"Pweza wako ni feki?"

Sabina akafikiri kidogo. "Wangu mtamu kuliko wake."

"Najua. Na yeye alijua."

Sabina akacheka mpaka dereva akageuka. "Si ungesema siku ileile, kichwa nazi wewe."

"Ningesema na nani? Salamu yenyewe hupokei."

Kiti kikafungwa kamba juu ya godoro.

Sasa Sabina yuko kwao Songea, anauza maandazi. Kiti kiko sebuleni, na wageni huambiwa ni cha Kichina. Yule mhandisi alifia kwao. Kassimu yuko bado mtaani kwake Ufukoni. Aliunda viwili vya mfano huo kwa mninga, kimoja kikapasuka, kingine anakikalia akipigiwa simu na Sabina Jumapili. Mwenye bodaboda alihamia Masasi.