Viza ya Saadia Mwenyewe

Kwa miaka mitatu Saadia aliishi Marekani kwa karatasi za mumewe. Badawy alikuja Minneapolis kutafiti ukungu unaoharibu mahindi, chini ya mpango wa kubadilishana wataalamu, na viza ya mkewe ikaning'inia kwenye yake. Siku atakayoondoka mume, naye ataondoka.

Saadia hakuwa mtu wa kulalamika. Viza ile ilimruhusu kufanya kazi, akapata kazi katika karakana ya viatu vya wagonjwa wa miguu, mtaa wa Frogtown. Alianza kwa kushona ngozi. Baadaye wakawa wanamletea hata miguu ya bandia aibadilishe mikanda, na hapo ndipo moyo wake uliponasa. Kwao Malindi alikuwa amewaona watu waliokatwa mguu kwa maradhi ya sukari wakimaliza umri wao barazani. Akaomba nafasi katika chuo kinachofundisha kazi hiyo, na chuo kikamkubali.

Habari alimpa Badawy jikoni kwao, Columbia Heights, huku akikaanga samaki.

"Lakini mkataba wangu unakwisha Juni," Badawy alisema. "Tulikubaliana tunarudi wote."

"Tutarudi wote. Kisha mimi nitakuja tena, na viza yangu ya mwanafunzi."

Hakuwa akibahatisha. Lois, Mkenya aliyekuwa mshauri wa wanafunzi wageni pale chuoni, alikuwa amemweleza wazi. Ufadhili wa Badawy ulikuwa wa serikali, na sheria yake iliwazuia yeye na mkewe kubadilisha viza wakiwa ndani ya Marekani. Ilibidi Saadia atoke, akaombe ubalozini Nairobi.

"Wakikunyima, dada, ndiyo umebaki huko," Lois alimwonya. "Wakikupa, kazi ya Frogtown uisahau. Mwanafunzi haruhusiwi kazi ya nje ya chuo."

"Wakininyima nitakuwa nyumbani," Saadia alijibu. "Nyumbani si jela."

Kilichomkera Badawy hakikuwa viza. Mwishowe, wakitoka kununua mboga, alikitoa.

"Watu wataniuliza mke wangu yuko wapi. Niwaambie nini?"

"Waambie anasoma. Ulipokwenda Morogoro kusoma, mimi waliniuliza mume yuko wapi. Niliwaambia hivyo hivyo, na nikakungoja."

Badawy akamtwalia mfuko uliokuwa mzito. Tangu jioni ile akajifanya afisa wa ubalozi. Alikaa kwenye kochi kwa uso mkavu, akamhoji mkewe maswali ya ukali mpaka Saadia akashindwa kujizuia kucheka.

Afisa wa kweli, kule Nairobi, alikuwa mwanamke mpole mwenye sauti ndogo. Alipitia barua ya chuo na hati ya kaka yake Saadia, Faiz, aliyekubali kumlipia masomo.

"Mumeo anabaki Kenya, wewe unakwenda peke yako," alisema. "Nini kitakurudisha?"

Badawy alikuwa amemfundisha ataje ndoa na nyumba. Saadia alivitaja, kisha akaongeza lililokuwa lake.

"Marekani mafundi wa miguu wapo tele. Nikibaki kule nitakuwa mmoja wao tu. Malindi wapo watu wanaomngoja fundi, na wengine nawajua kwa majina."

Afisa alimtazama, akaandika kidogo kwenye kompyuta, akasema viza imekubaliwa.

Nje, Badawy alimsoma uso na hakuona kitu.

"Wamekunyima?"

"Wamenipa. Nina njaa."

Badawy akamshika mkono, wakaenda kutafuta wali.

Agosti Saadia alirudi Marekani, akapanga chumba katika kitongoji cha Crystal, kwa muuguzi mmoja aitwaye Joan. Darasani alikuwa mkubwa kwa umri kuliko wenzake wote, na hakuona haya. Somo la kwanza la vitendo lilikuwa kuchukua umbo la mguu kwa plasta. Mwenzake alikaa kitini, suruali imekunjwa hadi gotini, na Saadia akazungusha bendeji zilizolowa, akizilaza kwa kiganja polepole, bila kukunjamana. Mwalimu alipita, akagusa kingo, hakuona la kusahihisha, akaenda kwa mwingine.

Simu ikalia mfukoni mwa Saadia. Mwenzake akamsaidia kuitoa na kuiweka sikioni.

"Masomo vipi?" Badawy aliuliza.

"Mikono imejaa plasta, mpenzi. Nitakupigia baadaye."