Bahari ya Sebuleni

Jumatano ya tarehe kumi na mbili, mwezi wa tano, fundi viatu aliamka, akabandika maji ya chai, akaenda sebuleni kuwalisha samaki wa marehemu mkewe, akawakuta wamekufa. Walielea ubavu, midomo wazi, kama watu waliokatizwa maneno. Aliyebaki hai ni mmoja tu, yule wa manjano ambaye mkewe alimwita Mkwe, kwa sababu alikuwa anakula wa kwanza na hajawahi kushukuru. Mkwe alikuwa amejibana kwenye kona ya tangi, anahema.

Fundi alizima jiko. Hakulia. Machozi yake yaliishia kwenye korido ya hospitali, alipoulizia mashine ya kupumulia iliyoharibika na mkubwa wa pale akamjibu, "Hilo tunalishughulikia, mzee." Mkewe alikata roho wakiwa wanalishughulikia. Tangu hapo fundi hakuwa na neno zuri kwa mtu yeyote anayekalia kiti cha kuzunguka. Na ndani ya nyumba ile, ukimtoa yeye mwenyewe, Mkwe ndiye kiumbe pekee aliyebaki hai aliyewahi kula kutoka mkononi mwa yule mwanamke. Akifa Mkwe, basi tena.

Shule hakwenda sana, lakini kutafuta kiatu kinavujia wapi ndiyo ilikuwa kazi yake. Alianza na joto, akalikuta sawa. Pampu inapuliza. Chumvi haijapungua wala kuzidi. Akamwita muuza samaki wa mapambo, ambaye alikuja na vichupa vyake, akachota maji, akadondoshea dawa, akatikisa, akatazama rangi dirishani, akajikuna kidevu.

"Maji haya mliyatoa wapi?"

"Baharini. Alikuja nayo mwenyewe kwenye dumu, siku ameolewa."

"Na hamjayabadilisha tangu harusi?"

"Alikuwa anapunguza kidogo, anaongeza kidogo. Alisema yakimwagwa yote, samaki watasahau kwao."

"Basi ndiyo hivyo," alisema muuza samaki huku akifunga vichupa vyake. "Hii bado ni bahari, mzee wangu. Hebu tazama, yanakupwa."

Kweli yalikuwa yanakupwa. Yalishuka taratibu mpaka mchanga ukabaki wazi, na kaa mdogo ambaye hakuna aliyemnunua akakatiza akaenda zake. Alasiri yakajaa tena hadi ukingoni. Fundi akakumbuka kwamba kila mwezi ukiwa mpevu mkewe alikuwa anatandika mataulo chini ya tangi, naye akidhani ni usafi tu.

Yalipojaa, yalikuja na utando mweusi. Fundi alichovya kidole, akanusa. Ilikuwa dawa ya kiwanda cha ngozi kule ufukweni. Ngozi za kiwanda hicho ndizo alizoshona maisha yake yote, harufu yake hata usingizini angeitambua. Bomba jipya la kiwanda lilikuwa limefunguliwa Jumanne jioni. Wakubwa walikata utepe, wakapiga makofi, wakapanda magari.

Akakoroga chumvi ya paketi kwenye ndoo ya maji ya bomba aliyoyaacha yatulie, akamtia Mkwe humo, akaiweka jikoni na pampu ndogo. Mkwe alizunguka ndoo, akasusa chakula, lakini akapumua.

Jioni ya Ijumaa mdogo wa marehemu alikuja na chakula, kama alivyozoea. Walikuwa mezani sebule ilipoingia giza upande mmoja. Kwanza lilikuja jicho, lenye ukubwa wa ngumi, likasimama kwenye kioo cha tangi. Liliwatazama wote wawili, kisha likatazama kiti cha tatu kilichokuwa kitupu, likakaa hapo kwa muda. Ndipo ubavu ukaanza kupita. Ulikuwa wa kijivu, una makovu na chaza walioganda, na tangi lenyewe halikuzidi urefu wa meza ile. Vikombe vikalia kabatini. Nyangumi alikuwa anaimba. Masikio hayakusikia kitu, meno ndiyo yalisikia. Shemeji alimaliza sahani yake, akaongeza, akamaliza tena, na ubavu bado unapita.

"Dada aliniambia wanapita," alisema kwa sauti ya chini. "Nikadhani ananitania."

Fundi alikuwa amesimama bila kujua amesimama lini, kofia mkononi. Mkia ulipopita, maji yakayumba, yakamwagikia miguu yake. Yalikuwa ya baridi, na yananuka dawa.

Jumatatu alikwenda ofisi ya mazingira na chupa ya yale maji meusi. Bwana mazingira aliitazama chupa bila kuigusa.

"Sisi tunahusika na bahari, mzee. Haya ni ya nyumbani kwako."

"Bahari iko nyumbani kwangu."

"Kama ni bahari, unakaa nayo kwa kibali gani?"

Wakaja kukagua. Walipima kujaa na kupwa, wakakubaliana kwamba ni bahari, hilo halikuwa na ubishi. Wakabandika karatasi kwenye kioo, yenye mhuri na namba ya simu: NI MARUFUKU KUVUA.

"Hongera, shemeji," alisema mdogo wa marehemu. "Wamekupandisha cheo. Sasa wewe ni pwani."

Bwana mazingira alikuwa anavaa viatu mlangoni.

"Na bomba?" fundi aliuliza.

"Bomba tunalishughulikia, mzee."

Fundi alishika fremu ya mlango.

Sasa kila maji yakijaa, Mkwe anageuka ndani ya ndoo, anaelekea mlango wa sebule, anabaki hivyo mpaka yapwe. Ameanza kula, kidogo kidogo, kutoka mkononi. Fundi hukaa karibu naye, simu yake ya vibonye mkononi, anapiga ile namba. Leo imepokelewa. Sauti ya kike imemwambia asubiri kidogo, simu ikalazwa mezani, na akasikia viatu vyenye visigino vinavyohitaji kubadilishwa vikiondoka, vikipotea mbali.

"Haloo," alisema fundi. "Nauliza tu, huyu samaki nimrudishe lini kwao?"