Alama ya Pili

Kabla ya alfajiri Mabruka alisikia sauti ndogo, kama mchele unaomwagika kidogo kidogo sakafuni. Akawasha taa. Unga mweupe ulikuwa ukichuruzika nyuma ya kabati la vikombe, na kabati lenyewe limeanza kuinamia kitanda chake.

Akainuka na magoti yake mabovu, akaliegemezea bega, akatoa vikombe kimoja kimoja akavilaza kitandani. Vilikuwa vya bintiye Widad, aliyefariki mwaka jana. Hisham, mumewe Widad, ndiye aliyelileta kabati hilo wiki iliyopita na kulitundika. Ijumaa anaoa tena, kisha anahamia mji wa Sur kwa mke mpya. Hapa mjini Ibra hatabakiwa na jambo la kumrudisha.

Baada ya kusali akampigia simu. Hisham alifika chai haijachemka, mkononi ana mkate wa moto.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekwambia piga popote, ukuta ni ukuta."

Ndivyo alivyojua. Nyumba alimozaliwa, ng'ambo huko Unguja, ilikuwa ya mawe, kuta nene, msumari ukishika popote. Lakini chumba hiki mwanawe Azzan alikikata kutoka majlisi, sebule ya wageni, kwa mbao za jipsamu, unga mweupe uliogandishwa, ili mama asipande ngazi. Ndani ya ukuta huo mlikuwa mtupu, isipokuwa vyuma vichache vilivyosimama.

"Na mimi mhandisi mzima nikakutii," alisema Hisham.

"Mhandisi gani huyo anayemwogopa mkwewe?"

"Wote tunamwogopa, Mama. Hatusemi tu."

Wakacheka.

Hisham akagonga ukuta kwa kidole: ngo, ngo, ngo, halafu du. Akachukua sumaku ya mlango wa friji, akaitembeza taratibu mpaka ikanasa kwenye skrubu iliyofichwa na rangi. Hapo pana chuma. Akatia alama. Palikuwa karibu na mlango, si mbele ya kitanda alipopataka Mabruka.

"Hapa vikombe yake haitaanguka," alisema.

Widad angemsahihisha Kiswahili chake papo hapo. Mabruka akayaacha yapite.

"Keekee iko garini. Chuma cha pili kipo shubiri tatu kutoka hapa. Sumaku ikinasa, Mama, nitilie alama."

Akatoka, Mabruka akabaki peke yake. Sumaku ikanasa. Akainua kalamu, na wazo likamjia: shubiri moja tu pembeni. Skrubu itashika wiki mbili, labda tatu. Kisha unga utachuruzika tena, naye atakuja kutoka Sur. Mkono ulikuwa umeshasogea.

Akageuka kuvitazama vikombe. Siku ile vilipoletwa, kila kimoja kilifungwa ndani ya mtandio wa Widad, na mafundo yalikuwa ya mkono wa mwanamume, makubwa, yasiyolingana. Hisham hakumpa mtu mwingine kazi ile. Mabruka akaurudisha mkono kwenye sumaku, akatia alama.

Keekee ilipokutana na chuma ililia kwa ukali. Kabati likapanda, na Hisham akaning'inia kwa mikono miwili kulijaribu. Akavipanga vikombe, vishikio vyote upande wa kulia, kama alivyopenda Widad. Akafagia unga mwenyewe.

Mlangoni akasema, "Sasa lala kwa amani, Mama. Halianguki tena."

"Nilitaka kutia alama pabaya, Hisham. Lianguke, upate kurudi."

Hisham akatazama chini. Akazirudisha funguo za gari mfukoni.

"Sikulaumu, mwanangu. Bibi harusi ana haki yake, na Sur si hapo mlangoni. Lakini ukipita Ibra, hata kama hapana kilichoharibika, njoo unitazame. Na yeye mlete, nimpikie. Njoo tu."