Ile Isiyo na Sura

"Mama, hii hutaona tofauti yoyote na Windows," fundi alisema, akichomeka flashi ya kwanza. "Kitufe cha kuanzia kiko palepale, chini kushoto. Hata bluu ni ileile."

"Tofauti sijaiona tangu nina miaka tisa," mchapaji akamjibu. "Inasema nini?"

Kompyuta ilinyamaza. Feni yake ilikwaruza kidogo, ikatulia, na chumbani kukabaki kishindo cha jirani wa ghorofa ya juu akivuta kiti.

"Imeshawaka," fundi alisema. "Nzuri kwelikweli."

"Nakuamini. Nakuuliza inasema nini."

Mchapaji alikuwa amekaa pembeni, kwenye ukingo wa kitanda, na hilo peke yake lilimchosha. Kiti alichokalia fundi kilikuwa ofisi yake mwaka wa kumi na nne sasa. Pale hukaa na mguu wa kulia kwenye pedali ya kusimamisha na kurudisha sauti, sikio moja kwa daktari, jingine kwa kompyuta. Daktari wa picha katika hospitali ya mjini hutazama eksirei na kusema anachokiona kwenye kinasa sauti. Sauti hizo humfikia mchapaji kwa mtandao, naye huzigeuza kuwa ripoti. Mapafu safi. Moyo wa ukubwa wa kawaida. Ufa mdogo kwenye nyonga, upande wa kushoto. Daktari hutafuna anapozungumza, na hospitali nzima hakuna mwingine awezaye kuchambua maneno yake kutoka kwenye karanga.

Hakuwa na ugomvi na Windows. Akiwasha, inapiga mlio wake, anahesabu hadi ishirini, na sauti inayomsomea skrini inaamka. Kishale cha chini mara nne, Enter, kazi. Sauti hiyo aliibatiza Mpangaji, kwa sababu huongea nyumbani mwake kutwa nzima na haijawahi kutoa kodi. Ilisoma kwa kasi ambayo wageni walidhani redio imeharibika. Yeye aliielewa yote. Zimwi likujualo, alizoea kusema, halikuli likakwisha.

Kisha ikaja barua ya hospitali. Windows aliyonayo imezeeka, haizibwi tena matundu ya usalama, na kuanzia Jumatatu kompyuta zenye Windows hiyo hazitaingia kwenye mtandao wao. Windows mpya nayo ilimkatalia kompyuta yake, ikasema haina nguvu. "Weka Linux," mkuu wa masjala alimwambia kwenye simu. "Ni bure, watu wanatumia." Alisema kama anayemtuma dukani kununua chumvi. Kumbe Linux si mtu mmoja. Ni ukoo, una wajomba na mashangazi, na kila mmoja ana nyumba yake na masharti yake, na kila flashi ya fundi ilibeba mmoja wao. Mkuu wa masjala aliongeza, bila ubaya, kwamba akishindwa zipo ofisi za uchapaji mjini zinazoitafuta kazi hiyo.

"Mama, subiri niwashe sauti," fundi alisema. Kipanya kikalia, tik, tik. Mara sauti ikajitokeza, laini, ya mwanamke, ikasoma majina ya vitu vilivyo kwenye skrini.

"Haya," alisema mchapaji. "Hiyo ni sauti. Umeiwashaje?"

"Nimebofya kipicha cha mtu, pale juu kulia."

"Na nikiwa peke yangu nikibofye na nini? Kiwiko?"

Fundi alicheka, kisha akaacha kucheka. Alikuwa mtu mzima, mwenye watoto wake wawili, na ndiye aliyezihudumia kompyuta za hospitali. Alikuja Jumamosi hiyo kwa hiari, na mchapaji hakutaka kumwonea. "Weka ya pili, baba," alisema.

Ya pili ilikuwa na njia ya mkato ya kuamsha sauti kwenye kibodi, vitufe vitatu kwa pamoja. Mchapaji aliinuka, akamwondoa fundi kitini, akabonyeza mwenyewe. Ikaongea. Akafungua ukurasa, akaandika mstari, ikamsomea. Mabega yake yakashuka kidogo.

"Ifunge," alimwambia fundi. "Ifunge kama mtu aliyekwenda jikoni akarudi."

Fundi aliifunga. Ikawa inataka neno la siri, fundi alisema, na kweli ilikuwa inataka, lakini kimya. Mchapaji alibonyeza vitufe vitatu, akabonyeza tena, akahesabu hadi ishirini, akahesabu tena.

Miaka mitatu iliyopita Windows ilijisasisha yenyewe, ikamnyang'anya Mpangaji siku kumi na moja. Siku kumi na moja alikaa mbele ya kitu kinachovuma tu. Binti yake alikuwa akitoka kazini, duka la dawa, jioni, safari ya saa nzima, anakuja kumsomea skrini. "Sogea kushoto. Hapana, ngoja. Pana kidirisha. Kimeondoka." Walifika mahali wakawa hawasemeshani ila kushoto na kulia. Barua zake za faragha alisomewa kwa sauti, ikiwemo moja ya mwanamume ambaye binti hakuwa akijua habari zake. Binti hakuuliza, na kutouliza kwake ndiko kulikouma zaidi.

"Hii imekufa mlangoni," mchapaji alisema. "Itoe."

"Mama, kwa kweli za nyumbani ni hizo mbili tu. Ya tatu nimeibeba tu, iko kwenye mkoba wa kazi. Ile tunaiweka kwenye mashine kubwa za hospitali. Si ya nyumbani. Haina sura. Ukianza kuiweka ni maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, kama risiti."

"Pedali yangu itaikubali?"

"Pedali inakubali kwenye zote tatu. Niliijaribu ofisini."

"Basi chomeka."

Aliichomeka kwa kumridhisha. Feni ikakwaruza. Kisha kompyuta ikalia mara moja, ti, mlio mfupi kama wa mtu anayegonga glasi kwa ukucha.

"Hiyo nini?" mchapaji aliuliza.

"Huwa inalia tu."

"Kitu hakilii tu. Nisomee kilichoandikwa."

Fundi alisogea karibu na skrini. Alisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa sauti ya mtu anayesoma masharti ya mkataba. Kwenye mstari wa mwisho akapunguza mwendo. "Kwa kuweka kwa sauti... bonyeza S, kisha Enter." Akausoma tena. "Mama, hii nimeiweka mara arobaini, hamsini. Huo mstari sijawahi kuuona."

"Hukuwa na haja nao."

Alipapasa S, akabonyeza, akabonyeza Enter. Wakangoja. Ikatoka sauti mbaya kuliko zote alizopata kuzisikia maishani, sauti ya mbung'o aliyefungiwa ndani ya debe, ikamuuliza anataka lugha gani.

Hakukuwa na kipicha cha kubofya wala mtu wa kumwonyesha. Swali lenyewe, orodha yenye namba, na nafasi ya kujibu.

Fundi alitazama simu yake. "Wanasema ukiiweka kwa sauti, inaendelea kuongea kila ikiwaka. Hata kwenye neno la siri." Kisha, kama anayemwombea msamaha, "Lakini kuizoea, mama. Na sauti yenyewe hiyo."

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa na binti akaingia. Mama yake alimjua kwa viatu: kimoja kikavuliwa, pakapita muda, kikavuliwa cha pili. Alikuwa amesimama nyuma ya kaunta tangu saa moja asubuhi.

"Nani anakaangwa humu?" binti aliuliza.

Fundi alimweleza zote tatu, kwa haki, hata mstari wa S. Binti alisikiliza. Akaomba aonyeshwe ya kwanza. Fundi akairudisha, ile bluu, ile laini.

"Si hii hapa," binti alisema. "Mama, hii ni Windows tupu. Na sauti yake ya kibinadamu. Unahangaika nini?"

"Uzuri wa mkakasi."

"Usinitupie methali, nimechoka. Hii ikinyamaza nitakuja kuiwasha mimi. Asubuhi kabla ya kazi, jioni nikitoka."

"Utakuja na nini? Na miguu hiyo?"

"Miguu yangu imekukosea nini?"

"Imevimba. Nimekusikia ukivua viatu."

Binti alikaa kitandani, chaga zikalia. Fundi alianza kukusanya waya zake kwa utaratibu wa mtu asiyetaka kusikia ya ndani. Alisema ana kazi nyingine saa nane, na kwamba akipigiwa simu Jumatano anaweza kurudi kuweka yoyote watakayokubaliana.

"Jumatano kazi ni ya mtu mwingine," mchapaji alisema. "Niachie hizo flashi mbili, ya kwanza na ya tatu. Ipi ni ipi?"

Fundi alizitia mkononi mwake, moja moja. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, laini kama kokwa la tende. Ya tatu ilikuwa na kona iliyovunjika. Aliaga. Nyayo zake zilishuka ngazi haraka.

"Mama," binti alisema. Sauti haikuwa ya ugomvi tena. "Kwani lazima? Una miaka hamsini na saba. Uje ukae kwangu. Chumba kipo."

"Nikae nikifanya nini?"

"Ukae tu. Watu wanakaa."

Mchapaji naye alikuwa amechoka, uchovu wa siku tatu. Tangu Jumatano alikuwa akichapa upya orodha ya vifupisho vyake, elfu moja na mia moja, ili isipotee pamoja na Windows: herufi tatu ambazo zikigongwa huwa sentensi nzima, mapafu safi, hakuna majimaji, mfupa umeunga vizuri. Miaka kumi na minne ya daktari na karanga zake. Orodha ilikuwa kwenye flashi nyingine, mfukoni mwa gauni lake, na mara kwa mara aliigusa kuhakikisha ipo.

Kwa binti kungekuwa na watu, na chai isiyomlazimu kuinuka. Kungekuwa pia na kushoto na kulia, kila siku, mpaka mmoja wao afe. Na ile laini ya bluu ingemfaa vizuri mpaka asubuhi moja isimfae, na asubuhi hiyo angepiga simu, na binti angevaa viatu.

Aliizima kompyuta, akaichomoa ile laini, akachomeka yenye kona iliyovunjika.

"Unafanya nini?"

"Lala kidogo. Nitakuamsha nikiungua."

Ti. S. Enter. Mbung'o akaamka ndani ya debe lake. Lugha. Kibodi. Saa za mahali. Alijibu moja baada ya jingine, namba na Enter, namba na Enter. Maneno mengine aliyakosa, akairudisha nyuma, akaisikiliza tena. Ilisoma polepole mno, kama mtoto wa darasa la kwanza, naye hakujua bado namna ya kuikaza mwendo. Shingo ilimuuma. Alikosea neno la siri mara mbili, ikamwambia hayafanani, bila hasira, ikampa nafasi nyingine.

Kisha ikasema: Diski yote itafutwa. Kila kilichomo kitapotea. Endelea? Ndiyo, hapana. Jibu lililopo ni hapana.

Alitoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani. Akigonga Enter tu, bila kuchagua, jibu ni hapana, na Windows yake inabaki kesho na kesho kutwa, nzima na isiyo na kazi. Akichagua ndiyo na kitu hiki kikafa mlangoni kama kile cha pili, hatakuwa na hiki wala kile. Alimfikiria Mpangaji. Hawakuagana vizuri, sauti yake ya mwisho asubuhi ile ilikuwa imekatika katikati, fundi alipouchomoa umeme.

"Mama, inasemaje?" binti aliuliza kitandani. "Mimi siielewi hata neno."

"Inauliza kama nina hakika."

"Unayo?"

"Sina."

Alipapasa kishale, akasikia ndiyo, akagonga.

Diski ilianza kusaga. Ilisaga dakika nyingi, na debe likawa linataja namba: asilimia tano, asilimia kumi na moja. Kati ya namba na namba kulikuwa na kimya kirefu, na kila kimya kilimfanya ainamishe kichwa upande wa spika, pumzi ameibana. Asilimia kumi na mbili. Binti aliinuka, akaja kwa miguu mitupu, akavuta kigoda akakaa ubavuni mwake. Hakugusa kipanya. Hakusema kushoto. Asilimia arobaini. Walikaa hivyo, mabega yakigusana, kama watu wanaosubiri kuitwa kwenye benchi la zahanati.

Mwisho wa namba likaja swali jingine. Alilisikiliza mara mbili.

"Inataka jina," alisema.

"Si ulishaliandika?"

"Langu ndiyo. Hili ni la kompyuta yenyewe."

"Andika Kompyuta."

"Wewe ungemzaa mtoto ukamwita Mtoto?"

Binti alicheka, kicheko kifupi cha puani, cha kwanza siku hiyo. Akarudi kitandani, akajinyoosha, akasema nipe dakika tano. Enzi za Windows kompyuta ilikuwa na jina aliloandika muuzaji dukani, msururu wa herufi na tarakimu usiotamkika. Hakuna aliyewahi kumuuliza yeye. Herufi ndogo tu, debe lilisema, bila nafasi katikati. Kisha likanyamaza, kimya cha mtu anayesubiri jibu.

Nyuma yake pumzi za binti zilikuwa zimeanza kurefuka. Mchapaji alipunguza sauti ya spika kidogo, akaweka vidole vya shahada juu ya vile vinundu viwili vya F na J kwenye kibodi, na akaacha jina lije.