Vishazi Tegemezi vya Karakana ya Makochi

Mume wangu na mimi tunatengeneza makochi. Kazi ya kupigilia kitambaa ni yangu, na misumari yake midogo naiweka mdomoni, nachomoa mmoja mmoja. Mdomo ukijaa misumari huwezi kusema mengi. Nikianza, "Ukimaliza kukata sponji..." yeye humalizia, "...nikuletee kitambaa." Tumezeeka hivyo, na hakosei sana.

Halafu chuo cha ufundi kikatafuta mwalimu wa kazi yetu, sharti afaulu mtihani wa Kiingereza. Niliufanya, nikaanguka puu. Binti yetu, mwalimu wa shule, akaipitia karatasi yangu akicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mama, umeandika 'Because the cloth was wet,' ukaweka nukta. Kitambaa kilikuwa kimelowa, haya, ikawaje?"

"Si inajulikana? Hakivutiki."

"Inajulikana kwa baba! Hiki ni kishazi tegemezi, hakisimami peke yake. Ukianza na because, when au although, msahihishaji anangoja kilichobaki."

"Basi amngoje baba yako," nikafoka. Kazi ile nilikuwa naitamani hadi usingizini, na marudio ya mtihani yalikuwa wiki hiyo hiyo.

Tukafanya mazoezi karakanani. Kila nilipofungua mdomo, bwana mkubwa alidakia, tena Kiingereza chenyewe hakijui. Binti akachoka.

"Baba, leo misumari weka mdomoni wewe."

Akaiweka, shavu likamvimba, tukapata utulivu. Nikavuta pumzi. "Although I want this job," nikaanza, na hakuna aliyenipokea maneno. Nikamalizia mwenyewe.

Nilidhani binti atapiga makofi. Alinitazama tu. Baba yake akatema misumari kiganjani.

"Amesema nini?"

"Kwamba ingawa anaitaka kazi ile, anaogopa kukuacha hapa peke yako."

Fundi wangu akainama. "Ukifaulu..." akasema, akakwama. Ningeweza kumsaidia, nikanyamaza makusudi. Nampenda mtu huyu, na hili nilitaka nilisikie kwake.

"Ukifaulu, nitakuja kukuchukua kila jioni."

Nilifaulu. Siku ya kwanza ya kazi, kabla hata ya mapumziko ya mchana, nilichungulia dirishani. Alikuwa ameshasimama getini.